Siku na mwenye muhuri wa kanga

Kuna mtu nimemfahamu kwa muhuri wake kabla ya kumjua sura. Muhuri wenyewe una picha ya kanga, yule ndege wa porini, madoa yake yametobolewa moja moja kwa ncha ya sindano, na pembeni huwa kuna tarehe kwa kalamu ya bluu. Niliukuta kwenye daftari la kopo lililofichwa Ntyuka, hapa Dodoma, nikaukuta Hombolo karibu na bwawa, nikaukuta tena Kolo. Kila nilikofika, kanga alishapita. Jumamosi hii, chini ya mlima Imagi, nimempa mkono mwenyewe: ni dada mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa. Alikuja na binti yake wa darasa la tatu, na mkobani ana daftari nene kuliko la yeyote niliyewahi kukutana naye katika mchezo huu.

Wengi huniuliza ni mchezo gani. Kwa Kiingereza unaitwa letterboxing. Mtu anaficha kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, na ndani anaweka daftari dogo na muhuri wa raba uliochongwa kwa mkono. Kisha anaandika vidokezo vya kulifikia. Anayetafuta anakwenda na daftari lake, muhuri wake na pedi ya wino. Akilipata, anagonga muhuri wake kwenye daftari la kopo, anagonga muhuri wa kopo kwenye daftari lake, anarudisha kila kitu kama alivyokikuta na kwenda zake. Hakuna zawadi wala mshindi.

Ulianzia Uingereza, kwenye nyika za Dartmoor, mkoa wa Devon. Mwaka 1854 James Perrott, aliyekuwa akiongoza wageni kutoka kijiji cha Chagford, aliacha chupa mahali panapoitwa Cranmere Pool ili waliofika waache kadi zao humo. Kufika huko ilikuwa ni kutembea kutwa kwenye matope. Baadaye watu wakawa wanaacha barua zenye anwani, na anayefuata kufika ndiye anayezibeba akazitume posta. Wamarekani wengi waliujua baada ya jarida la Smithsonian kuuandika mwaka 1998. Miaka miwili baadaye ukaja ule mwingine wa kutafuta makopo kwa setilaiti, baada ya Marekani kuacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS kwa raia, Mei 2000. Nimeujaribu huo wa simu. Unakufikisha, lakini macho yako yanakuwa kwenye kioo njia nzima, na mimi nataka kuona mlima.

Mkutano wetu wachezaji, Jumamosi hiyo ya Imagi, ulikuwa chini ya mkwaju. Mikeka ilitandikwa, chai ikaletwa kwenye chupa, na kijana mmoja mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, akaleta zabibu za msimu huu kwenye ndoo. Tulianza kwa kubadilishana mihuri. Unapomgongea mtu daftari lake, unakaa karibu naye, unashika ukurasa usiteleze, unapuliza wino ukauke. Katika kupuliza huko ndiko mnakoanza kuulizana habari za nyumbani.

Nikiwa pale nilifikiria jinsi tulivyozoea muhuri kuwa kitu cha mkubwa. Muhuri wa mtendaji wa kata, wa mwalimu mkuu, wa mahakama. Bila muhuri barua yako hairudi na jibu. Hapa mtu mzima, mstaafu wa reli, amekaa kwenye mkeka na wembe mkononi anachonga muhuri ambao hauidhinishi chochote, na anauchonga kwa uangalifu uleule.

Huyo mzee nilikaa naye muda mrefu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kunipa kibao nimshikie. Alikuwa anachonga kichwa cha treni ya mvuke kwenye kifutio kikubwa cha shuleni. Kwanza anachora kwa penseli kwenye karatasi, anaigeuza juu ya kifutio, anasugua kwa ukucha mpaka mchoro uhamie. Kwa hiyo picha inakaa kinyume kwenye raba, na ukigonga inatoka sawa. Wembe anaulaza, hausimamishi. Ukiusimamisha unakata chini ya mstari, na mstari ukishakosa kitako unavunjika mara ya tatu au ya nne ya kugonga. Magurudumu aliyatoa kwa mrija wa kalamu tupu, akiuzungusha taratibu. Ana mihuri mingine ya zamani aliyoikata kutoka tyubu ya baiskeli na kuibandika kwenye vibao vya mninga, na bado inatoa picha safi. Nilimuuliza anatumia muda gani kwa mmoja. Akasema, "Mpaka uishe, mwanangu."

Jua lilipokuwa bado halijapanda sana tukaanza kutafuta. Vidokezo vya kopo la Imagi viliandikwa kama mafumbo, na ilibidi tuviwahi kabla ya saa nne:

"Anza wanapokunywa ng'ombe. Lipe jua la asubuhi mgongo wako. Panda mpaka umkute bibi mnene avuaye nguo kiangazi chote. Yaliyo miguuni pake si yake."

Binti wa mwalimu ndiye aliyefumbua bibi mnene. Alisimama tu akaonyesha mbuyu, hauna hata jani moja. Tukaupanda mteremko kwenye mawe yale makubwa ya Dodoma yaliyokaa juu ya mengine kana kwamba yamepangwa, pimbi wakikimbilia nyufani, upepo wa Agosti ukitupa vumbi usoni. Tulifika kwenye mbuyu. Mizizini kulikuwa na jiwe bapa, na chini ya jiwe bapa hakukuwa na kitu.

Tulikuwa tunaanza kusikitika tulipotokewa na vijana wawili wachungaji, mbuzi wao wametapakaa nyuma yao. Wakamwamkia mzee, na mzee akaendelea nao kwa Kigogo. Kisha mmoja wao akatuambia kwa Kiswahili: "Tulilihamisha. Wakati wa mvua maji yalikuwa yanaingia pale." Akatupeleka hatua chache juu, kwenye ufa ulioinuka, akatoa kopo. Lilikuwa kavu. Walikuwa wameliviringisha kwenye kipande cha kiroba, wakakifunga kwa kamba ya katani.

Kurasa za mwisho za daftari zilikuwa na alama za vidole gumba. Walikuta watu wanaacha alama zao, wao hawakuwa na muhuri, wakafungua pedi ya wino na kugonga dole. Kila wakilipitia, dole. Zilijaa kurasa mbili, nyingine zimekolea mpaka mistari ya ngozi haionekani, nyingine zimetoka safi kabisa. Mwalimu alizitazama kwa muda, kisha akagonga kanga wake katikati yao.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Kijana wa UDOM, ambaye namheshimu na anaujua mchezo huu vizuri, alisema kopo limeshajulikana, kwa hiyo lihamishwe. Siri ndiyo mchezo wenyewe, akasema, na vidokezo sasa vinadanganya. Ana hoja kuhusu vidokezo, navyo tumevirekebisha. Lakini kuhusu siri sikubaliani naye, na nilimwambia.

Siri ya Dartmoor ni ya nyika ambako unaweza kutembea muda mrefu usikutane na mtu. Imagi ina wenyewe. Kuna wanaochunga pale kila siku, wanaokata kuni, wanaokwenda kuswali na kusali faraghani, na wao wanalijua kila jiwe. Ukificha kitu mlimani kwa mtu, hujamficha yeye. Umewaficha wageni wenzako tu. Na kopo lisiloelezwa linatia shaka. Mtu akiona wageni wanafukua chini ya mbuyu ana haki ya kufikiria mambo mengine kabisa, na sisi sote tunajua ni mambo gani. Kopo la Kolo limedumu kwa sababu hakuna aliyelipeleka karibu na michoro ya miambani, ambayo ni urithi wa dunia tangu 2006 na haipaswi kuguswa. Linakaa kwa mama muuza chai kando ya barabara, na unamwomba. Hata huko Dartmoor zipo baa zinazoweka muhuri wao kaunta. Mwenyeji akilijua kopo, analitunza. Lile kopo letu limeokolewa na vijana ambao hatukuwahi hata kuwasalimia.

Mzee hakuingia kwenye ubishi. Aliketi juu ya jiwe, akakata kifutio kilichobaki vipande viwili na kuwapa wale vijana, mmoja mmoja. Akawaonyesha kulaza wembe. Mkubwa alichonga pembe za beberu, zimejikunja vizuri sana kwa mtu anayeshika kazi hiyo mara ya kwanza. Mdogo alikataa mnyama, akachonga dole gumba lake, mistari yote, akiangalia kidole na raba, kidole na raba. Mbuzi walikuwa wameshafika mbali na hakuna aliyewajali mpaka kengele ya mmoja iliposikika bondeni.

Tulishuka mchana na kula wali na mlenda pale chini. Kijana wa UDOM alikuwa wa kwanza kuwagongesha wale vijana kwenye daftari lake.

Kopo linalofuata nimeliandaa mimi, nalo litawekwa Mvumi kabla mvua hazijaanza. Nimeshaongea na mwenyekiti wa kitongoji na mwenye shamba. Kidokezo ni hiki: "Shuka mabasi yanapogeuzia. Mtafute mama anayekaanga karanga, mwamkie kwanza, nunua, kaa. Akikuuliza umetokea wapi, mwambie kweli. Yeye ndiye atakayekuonyesha njia."