Kifua kilivyonifikisha kwenye mifupa

Nina COPD, ule ugonjwa wa mapafu usiopona, na sigara sijawahi kuigusa. Mimi nimevuta moshi wa kuni. Vitumbua nilivyokaanga hapa Tanga tangu ujana wangu vingetosha kulisha mkoa.

Mgongo uliponikamata nikiinua kindoo cha lita kumi, nilisema uzee huo, nikachua. Eksirei ikaonyesha pingili moja ya mgongo imebonyea. Sikuanguka wala kugongwa.

Daktari akanieleza sababu, akaanza na prednisolone, vidonge vya kutuliza uvimbe kwenye njia za hewa. Kila kifua kilipobana vibaya nilipewa miligramu 40 kwa siku tano, na kifua changu kilikuwa kinabana mara kwa mara. Vidonge hivyo huokoa pumzi, ila vikirudiwa rudiwa hula mifupa. Tena anayehema akitembea hukaa, na mfupa usiobebeshwa uzito hulegea. Kilichonitisha zaidi ni hiki: pingili zikiendelea kubonyea, mgongo hupinda, na mapafu yanazidi kubanwa.

Wakapima na vitamini D, ambayo mifupa huihitaji: 14, na chini ya 20 ni upungufu. Nikamwambia, "Mwanangu, Tanga na jua lote hili?"

"Mama, hilo jua unaliota saa ngapi?"

Saa moja asubuhi, kama tulivyofundishwa kuota na vichanga. Kumbe jua la saa ile liko chini mno, miale inayotengeneza vitamini D haijafika. Angalia kivuli chako, akasema: kikiwa kirefu kuliko wewe, unaota joto tu. Hata la dirishani halisaidii, kioo huizuia miale hiyo. Na sisi weusi ngozi yetu hutaka muda zaidi. Mimi nikitoka nimejifunika buibui, nikirudi nipo kivulini, lingeingilia wapi?

Sasa saa nne na nusu hivi naketi uani, mikono na miguu wazi, mpaka ngozi ipate moto, kisha naondoka. Vidonge vya vitamini D juu yake: vya nguvu mara moja kwa wiki kwa miezi miwili, halafu kidogo kila siku. Sizidishi, maana ikizidi sana huharibu figo. Dagaa nawala wazima na miiba yao, nipate madini ya chokaa (kalsiamu).

Kazi ilikuwa alendronate, dawa ya kuimarisha mifupa, miligramu 70 kila wiki. Humezwa tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, na nusu saa hulali wala huli, la sivyo huunguza koo. Naimeza Ijumaa baada ya swala ya alfajiri, nakaa wima na uradi wangu. Ramadhani nafungua kwa maji na kidonge hicho, kisha nusu saa natazama wenzangu wakila tende. Hapo ndipo imani hupimwa!

Natembea hadi msikitini na kurudi, nikipuliza pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, na nainuka kitini bila kushika. Lakini kinga kubwa ya mifupa ni kutohitaji prednisolone. Kwa hiyo pampu yangu ya dawa ya kifua navuta kila siku, hata nikijisikia mzima, na sizisogelei kuni. Mjukuu wangu ndiye anayekaanga sasa, kwa gesi. Vitumbua havina ile harufu, wateja wameshalalamika, na kila mtungi ukiisha tunabishana nani alipe.