Siku moja maishani mwangu: panya, minyoo na breki ya kinga

Saa 1 asubuhi
Naanzia chumba cha panya. Navaa koti, glavu na barakoa, napita kizimba kimoja baada ya kingine. Kundi moja lilipewa lava, yaani watoto, wa mnyoo aitwaye Heligmosomoides polygyrus, kama 200 kwa kila panya, kwa sindano butu inayofika tumboni. Kundi la pili lilipewa maji tu. Kwa macho huwatofautishi: wote wanakula, manyoya yanang'aa. Mnyama anaishi na minyoo kwa wiki nyingi na haonekani mgonjwa, na hilo ndilo linaloniamsha kila siku.

Saa 3
Kinyesi. Nakikoroga kwenye maji ya chumvi nyingi, mayai yanaelea, nayahesabu kwa darubini. Mayai yakiwepo, minyoo wamekomaa na wanazaana.

Saa 4 na nusu
Panya wa leo wanauawa kwa gesi, kwa utaratibu ulioidhinishwa na kamati ya maadili. Sijaizoea sehemu hii wala sitaki kuizoea. Ndiyo maana kila tishu inayoweza kutufundisha kitu inahifadhiwa.

Napasua utumbo mwembamba kwa mkasi, kwa urefu. Kwenye duodenamu, sehemu yake ya mwanzo, ndiko minyoo walikojaa: wekundu, wamejiviringa kwenye vinyweleo vya ukuta wa utumbo. Nikimvuta mmoja kwa kibano ananyooka kidogo, anang'ang'ania, kisha anajikunja tena. Walipokuwa lava walipenya ukuta huuhuu, wakakaa ndani yake kwa siku 8 hivi, halafu wakatoka wakiwa wakubwa. Walijeruhi tishu iliyojaa seli za kinga na bado wako hai.

Kando ya utumbo kuna tezi za limfu. Kwa panya asiye na minyoo nazitafuta kwa shida. Kwa mwenye minyoo zimevimba, zinaonekana mara moja. Wengi wakisikia kwamba vimelea hutuliza kinga hudhani kinga imelala. Tezi hizi zinakataa. Kinga iko macho, inatoa IL-4 na IL-13, protini za ishara ambazo ni silaha zake za kawaida dhidi ya minyoo. Ila breki yake nayo imeongezwa nguvu.

Saa 7 mchana
Nasaga tezi, nachuja, naweka seli kwenye barafu, kisha naongeza kingamwili zenye rangi, zinazonata kwenye alama za seli. Natafuta seli T dhibiti, ndizo breki yenyewe ya kinga, zenye alama za CD4, CD25 na Foxp3. Foxp3 iko ndani ya kiini, kwa hiyo utando wa seli lazima utobolewe kwa kemikali kwanza. Hapa haraka haifai hata kidogo.

Seli hizi zilielezwa na Shimon Sakaguchi mwaka 1995. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaitambua jeni ya Foxp3, ambayo seli hizi huitegemea. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Panya dume mwenye jeni hiyo iliyoharibika hushambuliwa na kinga yake mwenyewe na hufa mchanga.

Saa 10
Mashine inapitisha seli mbele ya leza, moja moja, na nukta zinajaa kwenye skrini. Kwa panya wenye minyoo, kundi la Foxp3 ni nene zaidi. Sehemu ya sababu tunaijua: mnyoo hutoa protini iitwayo Hp-TGM, iliyoelezwa mwaka 2017. Kimuundo haina undugu na TGF-beta, ishara ya panya mwenyewe ya kutuliza kinga, lakini hushika vipokezi vilevile, na seli T ya kawaida hugeuka kuwa dhibiti. Protini yake nyingine, HpARI, huinasa IL-33, king'ora cha tishu iliyojeruhiwa, kabla haijasikika.

Saa 12 jioni
Mwanafunzi wangu anauliza, "Dokta, kwa hiyo minyoo ni dawa ya mzio?" Swali zuri. Ni kweli panya wenye minyoo hii hupata uvimbe mdogo zaidi wa mzio kwenye mapafu, na mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba ulinzi huo huhamishika: chukua seli dhibiti zao, mpe panya asiye na minyoo, naye analindwa. Lakini breki hiyo haichagui. Panya wenye minyoo mara nyingi huitikia chanjo kwa udhaifu. Mimi naitaka protini, si mnyoo, na ninamwambia hivyo waziwazi.

Kesho kundi lililobaki linapewa pairanteli kuwaondoa minyoo. Kisha tutapima tena, tuone Foxp3 inashuka kwa kasi gani.