Siku moja maishani mwangu: nasaka vifaa vya kuunda msumeno wangu mwenyewe

Saa 12 asubuhi
Keko, Dar es Salaam, bado kumetulia, mashine za majirani hazijawashwa. Nina kitanda cha mninga cha mteja, napaka gundi kwenye viungo vya kichwani, nabana na klampu, naacha kikauke. Leo nasaka vifaa vya msumeno wa mkono, ule wa kupasulia, yaani kukata mbao kwa kufuata nyuzi zake. Watu wananiuliza kwani misumeno imeisha madukani? Haijaisha, ila mingi inayoletwa siku hizi ncha za meno zimekaushwa kwa umeme, ukiangalia utaona zina rangi ya bluu nyeusi, ukiweka tupa inateleza kama uko juu ya kioo. Makali yakiisha ndo basi, unatupa msumeno mzima wakati bati lake bado zima kabisa. Mi nataka msumeno wa kunoa mpaka nizeeke nao.

Saa 2
Buguruni, kwa wapasua mbao. Chuma ndo kitu cha kwanza kutafuta, usianze na tupa wala mpini maana vyote hivyo vinafuata unene wa chuma na ukubwa wa meno. Ninachotaka ni mkanda uliostaafu wa bendisoo, ile mashine ya kupasulia mbao yenye msumeno wa mkanda unaozunguka, ni chuma cha springi, unene wake kama milimita 1, unapinda unarudi, na ugumu wake tupa inaumudu.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba kijana, unataka mbao gani?"
"Leo sitaki mbao mzee, naomba kuona mikanda iliyokufa."

Kanipeleka nyuma ya banda, imerundikwa hapo na kutu zake. Kutu ya juu haina shida, msasa unaitoa. Shida ni nyufa, mikanda hii inazunguka kwenye magurudumu mchana kutwa kwa hiyo inachoka na kupasuka pale chini kabisa katikati ya jino na jino, ufa mwingine huuoni kwa macho. Nimekuja na kichupa cha mafuta ya taa na chaki. Unapaka mafuta ya taa, unasubiri kidogo yaingie, unafuta mpaka pakavu, afu unasugua chaki juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yanatoka humo ndani yanachora mstari mweusi kwenye chaki. Vipande kadhaa vimekataa, mmoja umekuwa safi, upana sentimita 10. Nimeukunja kama upinde nikauachia, umerudi umenyooka, nikaweka jicho usawa wa ukingo kama naangalia ubao uliopinda, sijaona kona. Mzee kanikatia kipande kirefu kidogo kuliko sentimita 55 nilizotaka, bei tumeelewana bila kelele.

Saa 4
Gerezani. Hapa ni tupa ya pembe tatu, na naomba niseme kwa msisitizo, usinunue tupa bila kuijaribu. Natembea na kipande cha ule mkanda mfukoni, namwomba muuzaji nipitishe mara moja tu. Tupa nzuri inauma, unasikia inashika chuma na inaacha unga, mbovu inapiga kelele na kuteleza. Angalia na zile kona tatu kwenye mwanga, kona ikiwa imemeguka haifai maana kona ndo inayochonga shina la jino. Ukubwa nao, uso wa tupa uzidi mara mbili ya kina cha jino, hapo ukiigeuza kila kona inapata sehemu yake mpya ambayo haijaguswa.

Nimechukua na bledi ya msumeno wa kukatia chuma, yenye meno 18 kwa inchi, kazi yake mtaiona jioni.

Saa 6
Kariakoo, jua kali, watu wamejaa. Skrubu halisi za mpini wa msumeno sijawahi kuziona dukani hapa mjini, ila zile boliti za kuunganishia fanicha, zenye kichwa bapa pande zote mbili, zinafanya kazi ileile na zinakaa vizuri kwenye mbao. Nimechukua na biti ya kutobolea zege. Narudi.

Saa 8
Wali maharage kwa mama ntilie, afu natoa klampu, napiga randa, kitanda cha mteja kinasonga.

Saa 10
Nakata bati la msumeno kutoka kwenye ule mkanda kwa greinda, diski nyembamba, kidogo kidogo huku nalowesha maji. Chuma kikigeuka bluu kwa joto la greinda ujue ugumu wake umeondoka pale. Meno ya zamani yote naondoa, upana wa nyuma naacha sentimita 9, mbele 5. Kwenye matundu ya boliti za mpini, biti ya kawaida ya drili inahangaika sana na chuma hiki, ndo maana ya biti ya zege, ncha yake naichonga iwe kali kwenye jiwe la kijani la kunolea, drili polepole na mafuta, inapita.

Saa 12 jioni
Sasa ile bledi. Naibana kwenye jiliwa pamoja na bati, ukingo kwa ukingo, kila jino la tatu napiga alama kwa tupa. Kumi na nane gawanya kwa tatu, napata meno 6 kwa inchi, ndo ya kupasulia. Bledi ikiisha naisogeza mbele. Kisha nachonga, tupa imenyooka digrii 90 na bati, uso wa mbele wa jino karibu wima. Jirani yangu mzee kaniazima koleo ya kulazia meno, moja kushoto moja kulia, na unalaza nusu ya juu tu, ukianzia shinani jino linavunjika.

Mpini ni kesho, kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda kinatosha, milimita 22, nyuzi zifuate urefu wa pale unaposhika, na nafasi iwe ya vidole vitatu, cha shahada kinanyooka mbele kuongoza. Baada ya huu nataka mdogo wenye mgongo, wa kukatia viungo, bati lake nusu milimita. Anayejua duka lenye shaba ya njano bapa ya huo mgongo, unene milimita 5 hivi, aniambie ni mtaa gani.