Nafuu ya nani

Alhamisi, 31 Machi 2016, usiku

Umeme umekatika tangu saa moja. Bado nipo gerejini Kirumba, hapa Mwanza, nimekalia siti ya nyuma ya Noah ambayo mwenyewe hajaifuata tangu mwaka jana, naandika kwa simu yenye chaji ya kuhesabu.

Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi lazima niwe macho. Kule California itakuwa bado ni leo, saa mbili na nusu usiku, na Elon Musk, bosi wa kampuni ya magari ya Tesla, atapanda jukwaani kuonyesha Model 3, gari la umeme ambalo Tesla wanasema safari hii ni la mtu wa kawaida. Kwetu itakuwa imeshaingia tarehe 1 Aprili. Kijana wangu wa gereji amecheka mpaka akakaa chini. "Fundi, yaani unaamka alfajiri Siku ya Wajinga kwenda kuangalia gari!"

Bei ya mtu wa kawaida ni dola 35,000. Kwa dola ya leo inapita milioni 75, hapo bado meli, bado ushuru. Kwa hela hiyo napata IST tano, nazipanga hapa nje nakuwa tajiri wa mtaa. Mke wangu ameuliza swali moja tu: "Baba Neema, nafuu ya nani hiyo?" Nikamjibu, ya wale waliokuwa wanauziwa kwa dola laki moja. Roadster, gari la kwanza la Tesla la mwaka 2008, lilikuwa linacheza humo humo, na betri yake ilikuwa ni vibetri 6,831 vya aina ile inayokaa kwenye laptop. Mimi betri ya laptop nimeshaipasua, ndani nikakuta vibetri sita. Namba hiyo ya 6,831 huwa inanijia nikiwa nimelala chini ya dashibodi natafuta waya mmoja tu ulioachia.

Watu wananiuliza fundi umeme wa magari anababaikia nini gari asiloweza kununua. Siwalaumu. Ila mimi gari la umeme nimeshalipanda, tena Mkuyuni. Miaka ile nikiwa bado nashika spana kwa watu, bosi wangu alikwenda nami kuchukua Corolla ya gia za mkono. Mafuta yakakata katikati ya barabara, lori linapiga honi nyuma yetu, hakuna hata mtu wa kusukuma. Mzee akaingiza gia namba moja, hakukanyaga klachi, akazungusha ufunguo na kuushikilia. Injini haikuwaka. Gari likajikokota, gu, gu, gu, kama mtu anayetembea na kifundo kilichoteguka, hadi pembeni. Kilichotuvuta ni stata na betri tu. "Usifanye hivi kwa gari la mteja," akaniambia, "utaunguza stata." Nikabaki nawaza jambo jingine: kama kamota kale kadogo kanavuta gari zima na watu wawili, je, wakiweka kubwa?

Wameshaweka. Wanasema hili jipya litatembea kilomita 320 na ushee kwa chaji moja. Kutoka hapa ni kufika Musoma na chenji inabaki. Kwa hesabu zangu za haraka, uniti moja ya umeme wa LUKU ikivuta gari kilomita tano, safari hiyo ya Musoma, kilomita kama 220, ni uniti 44. Elfu kumi yangu hainipi hata uniti 30, lakini elfu ishirini inatosha na nyingine inabaki nyumbani kuwasha friji. Mafuta ya elfu ishirini hayanifikishi Musoma, hata nikishuka milima yote nimezima injini.

Leo mchana nimeona picha za Sydney, watu wamepanga foleni nje ya duka kuweka dola 1,500 za kwao kwa gari ambalo hawajaliona hata kivuli, na wakiambiwa litaanza kutengenezwa mwishoni mwa 2017. Nilitaka kuwacheka, nikashindwa. Na mimi nipo kwenye foleni hiyo, sema nipo nyuma sana, kule foleni inakokata kona. Sisi gari jipya linatufikia likiwa limeshakuwa kuukuu. Mjapani analinunua, analitumia, analichoka, linapanda meli, linafika hapa na redio inayoongea Kijapani. Model 3 ya kesho nitaishika labda baada ya miaka kumi na mbili, na mwenye nalo atakuwa analalamika.

Na hapo ndipo roho inaposita. Vitz iliyochoka naijua: nabadilisha plagi, naosha nozeli, inarudi barabarani. Gari la umeme, gari lenyewe ni betri. Nissan Leaf wanalo tangu 2010, kwenye dashibodi lina vijistari 12 vya afya ya betri, na kadiri linavyozeeka vinazimika kimoja kimoja. Mwenye gari jipya anakula vile vya mwanzo. Sisi tutaletewa mabaki.

Jioni hii kabla umeme haujakatika, alikuja mvuvi wa dagaa kutoka Mwaloni na betri zake mbili. Karabai wengi wameziacha, siku hizi taa zao ni za betri, na sasa mwezi unachelewa kutoka, giza la kuvulia ndiyo linaanza. Nilifungua vifuniko, nikazamisha kipimo cha maji ya betri kwenye kila tundu. Betri ya kwanza, kiboya kilielea mpaka kwenye kijani. Ya pili, tundu la tatu kikazama chini kabisa na maji yamegeuka rangi ya chai.

"Hii imekufa, braza."

"Fundi, nimeinunua mwezi wa kumi na mbili."

"Ulinunua mpya?"

Akanyamaza. Alinunua kwa mtu. Iliwaka kwa muuzaji ikawaka nyumbani, na huko ziwani ikamzimikia saa nane usiku, dagaa wakatawanyika.

Kijana wangu alikuwa anasikiliza. Baada ya mvuvi kuondoka na ile nzima akauliza, "Sasa Fundi, hayo magari yakija hayana plagi, hayana oili, hayana stata, mimi nitashika nini?" Nikamwonyesha kile kipimo, nikamwambia aanze na hiki. Sina hakika kama nilimjibu.

Saa nne sasa. Umeme haujarudi, simu inasema asilimia 6, na bando la kuangalia Model 3 nimeshalinunua. Betri ya yule mvuvi niliyoiita maiti ipo hapa miguuni. Nimeunga waya kupitia chaja ya gari, na simu imeanza kupanda: 7, 8.