Klabu Changa ya Uzungumzaji Husimama kwa Watathmini

Klabu mpya ya uzungumzaji mbele ya hadhira huanza kwa shangwe, kwa kuwa wengi hujiunga wakiwa na kiu ya kusimama na kusikika, na orodha ya wanaotaka kuhutubia hujaa mapema. Orodha ya watathmini, yaani wanachama wanaosikiliza hotuba na kumpa msemaji maoni, ndiyo hubaki na nafasi wazi. Nimesaidia kuanzisha klabu ya namna hiyo chini ya utaratibu wa Toastmasters, shirika la kimataifa la klabu za uzungumzaji, kisha nikabaki kuwa mlezi wake, na siku hizi nikitaka kujua hali ya klabu changa naanza kwa kuitazama orodha hiyo ya pili.

Utaratibu wenyewe una umri mrefu. Ralph Smedley aliitisha kikao cha kwanza tarehe 22 Oktoba 1924, katika jengo la YMCA mjini Santa Ana, California, na hadi leo msingi haujabadilika: wanachama hufundishana wao kwa wao, bila mwalimu wa kulipwa. Ili klabu ipewe hati ya usajili hutakiwa kuwa na wanachama wasiopungua 20, na pilikapilika za kuwatafuta huwafanya waanzilishi waamini kwamba hati ikipatikana kazi imekwisha. Kwa mlezi, hapo ndipo kazi inapokolea, kwa sababu sasa watu wamelipa ada na wanataka kuona faida yake.

Faida hiyo huipata wapi? Hotuba ya kwanza ya mwanachama huchukua dakika 4 hadi 6, na mtunza muda huonyesha kijani, njano na nyekundu ili msemaji ajue amefika wapi. Baadaye mwanachama mwingine husimama kwa dakika 2 hadi 3 kutathmini alichokisikia. Katika klabu changa, dakika hizo aghalabu hupotea bure. Mtathmini husema, “Hongera sana, umejitahidi, endelea hivyo hivyo,” watu hupiga makofi, na msemaji huketi akiwa na furaha lakini hajui arekebishe nini. Nyani haoni kundule: anayerudia “yaani” kila baada ya sentensi hajisikii, na asipoambiwa atairudia mwaka mzima.

Kwa hiyo muda wangu mwingi wa ulezi niliutumia kando ya watathmini. Kabla ya kikao nilimwomba mtathmini amuulize msemaji anataka aangaliwe katika jambo gani, na wakati wa hotuba aandike alichokiona na kukisikia, hukumu ije baadaye. Tofauti huonekana upesi. Badala ya “ulitumia sauti vizuri”, mtu husema: “Ulipofika pale ulipopokea simu ya hospitali ulishusha sauti, nasi tukainama mbele kukusikiliza, lakini hukutupa nafasi ya kupumua, ukakimbilia hitimisho ukiwa umeangalia karatasi. Safari ijayo nyamaza kidogo baada ya simu hiyo.” Msemaji aliyepewa maneno kama hayo ana jambo moja la kufanyia mazoezi nyumbani, na mara nyingi ndiye anayeuliza kikao kijacho ni lini.

Kuna ugumu wa adabu ambao vitabu vya mwongozo huugusa juu juu tu. Kijana akipangiwa kumtathmini mtu wa makamo, au karani kumtathmini mkuu wake wa kazi, heshima humfunga ulimi. Sikuona busara kumwambia aisahau heshima hiyo. Nilimshauri aanze na “mimi kama msikilizaji”, kisha aeleze alipopotea au alipochoka, kwani hakuna mkubwa anayevunjiwa heshima kwa kuambiwa kwamba msikilizaji wake hakumfuata. Pia nilipenda wakubwa watathminiwe mapema, tena mbele ya wote, ili wapya waone wakipokea na kushukuru.

Mengine, kama vile uchaguzi wa viongozi, kumbukumbu za kikao na kukaribisha wageni, hujifunzwa kwa kutenda, na mlezi mwenye mkono mwepesi mno wa kusaidia huwachelewesha wenyeji. Mimi nilikataa kupangiwa tathmini hata pale nafasi ilipobaki wazi dakika za mwisho. Makamu wa rais wa klabu anayesimamia elimu alilalamika, kisha akaanza kuwapigia simu watathmini mapema kabla ya kikao, na orodha ikaanza kujaa bila mimi.