Chupa nyeusi ya chai

Mwezi wa tatu nilienda Kariakoo kutafuta pazia nikarudi na chupa ya chai. Nyeusi tii, haing'ai, imenyooka juu mpaka chini, haina kishikio haina maua haina chochote, yaani ukiiweka mezani sebule nzima inaonekana ya watu wenye hela zao. Nikatoa elfu arobaini na tano bila kuomba punguzo, na mimi kwa kuvutana bei najijua.

Balaa likaanza mama alipokuja kutoka Tanga. Nikamtengea chai ya maziwa na vitumbua, nikaingia jikoni kufuata sukari, kurudi namkuta kaishika kwa mikono miwili anaizungusha tu. "Mwanangu, mdomo wake uko wapi hii?" Maana kifuniko ni duara kamili, batani nayo nyeusi, chai inatokea kwenye kitundu chembamba upande mmoja ambao ukiutazama haupishani na mwingine. Kabla sijamjibu akabonyeza, chai ikaja kwake, kanga chapa. Bahati ilikuwa ya saa nyingi haikumuunguza. Na hata ukiupatia upande wenyewe, tone la mwisho lazima litambae ubavuni likufikie vidole, ndo maana chupa ya elfu arobaini na tano inakaa juu ya tambara.

Ile ya zamani, ya mawaridi mekundu, yenye kishikio kikubwa na mdomo uliochomoza kama wa bata, nilikuwa nimeshaificha juu ya kabati. Ile hata mtoto wa chekechea anakumiminia.

Kinachoniuma ni kwamba dukani niliishika, nikaibonyeza, nikaona mbona rahisi! Baadaye nikakutana na utafiti wa Wajapani wawili, Kurosu na Kashimura, wa mwaka 1995. Walichukua skrini ya ATM, vitufe vilevile, wakavipanga kwa namna 26 tofauti, afu wakawauliza watu 252 ipi nzuri na ipi rahisi kutumia. Watu wakawa wanaita rahisi ile waliyoiona nzuri, kuliko ile iliyopangwa kwa urahisi kweli. Tractinsky wa Israel akahisi hayo labda ya Wajapani, wao na kupenda vitu vizuri, akarudia kwao, uhusiano ukatoka mkubwa zaidi ya wa Japani. Nikacheka peke yangu. Swali linaulizwa mikono, macho yanadakia jibu.

Sasa kuna watu wakisikia hivi wanaruka moja kwa moja kwamba urembo ni utapeli, kitu cha kazi kiwe kibaya tu. Hapo sipo. Bibi yangu alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi ya kukunja, imechongwa nakshi kwenye miguu na pembeni, ila pa kukalia palikuwa laini kabisa, na shingo imeinuka kiasi cha sinia kuingia chini bila kuhangaika. Aliyeichonga alijua nani atakaa pale na kwa muda gani, nakshi akaziweka pasipomsumbua mtu. Au chukua ile kitochi, Nokia 1100 ya mwaka 2003. Nani aliwahi kuisifia sura? Lakini batani zake ni kipande kimoja cha mpira vumbi lisipenye, ubavu wake hautelezi hata mkono ukiwa na jasho, tochi unashikilia C inawaka. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Mi siku hizi nikiiona mkononi mwa mzee kwenye daladala naiona nzuri kabisa, kuliko hii ya kwangu yenye kioo mpaka pembeni ambayo nikiigusa tu vibaya nimeshampigia bosi.

Tukirudi kwenye chupa. Siku mama anaondoka akamuomba binti yangu rangi ya kucha, ile nyekundu. Akadondosha tone moja kwenye kifuniko, juu ya upande chai inapotokea, akapuliza pakakauka, akabeba begi lake. Nilinuna siku mbili, si utani, chupa yangu yote nyeusi afu katikati doa kama la upele. Ila tangu hapo wageni wanajimiminia wenyewe, hakuna anayeizungusha.

Kuvuja bado inavuja.