Wapimie hao Wakenya

Jumanne leo, tumerudi Jumamosi usiku, na mwenzenu bado niko Tanga. Niko kwenye benchi ya yule bibi muuza wali, sahani haijafika, na kila nikitulia kidogo namskia akimwambia bintiye, wapimie hao Wakenya. Hata kwenye sala anakuja. Astaghfirullah.

Wiki yenyewe si haba, hoteli ninayofanyia kazi imefunga mpaka Julai kama kawaida ya masika na safari hii hawakutwambia kama watatuita sote, Fatma wetu kaletewa posa na kaikubali, hayo ntayaandika nikitulia, leo wacha niitoe hii ya Tanga maana imenikaa hapa kooni.

Mnaomkumbuka marehemu bibi yangu mwajua habari ya Tanga yake. Alikwenda mara moja tu, arusini, mamangu hajazaliwa, akarudi na masimulizi ya kumtosha maisha yake yote, ngoma za kule, wanawake wanavyojua kujifunga kanga, mtu anavyokuita ndani ule kabla hata hujataja jina lako. Mgeni akija kwetu na haraka zake bibi alimwambia "kwani hapa Tanga, waja leo waondoka leo?" na siye watoto tukidhani ni tusi. Yeye alivoufahamu ule msemo ni kwamba mtu huondoki, utanogewa utabaki. Basi mie nimekua na hiyo Tanga kichwani na hoteli ilipofunga nikawaambia kina Rukia twendeni, Jumamosi moja tu, twaenda twarudi. Wakakubali. Wote watatu walijua hili ni wazo langu, ndo maana lilipoharibika hakuna aliyesema kitu, waliniangalia tu.

Ijumaa tulilala Likoni kwa shangazi yake Swabra ili tuwe tumeshavuka feri, maana kutoka Malindi moja kwa moja ni wazimu, Mombasa pekee ni kama kilomita 120 na hapo bado hujaianza njia ya Lunga Lunga. Saa kumi na moja alfajiri tuko ndani ya matatu, mie na chupa ya chai na mahamri ya shangazi, Mwanaidi amelala mdomo wazi, Rukia kashajipamba kama yeye ndo bi arusi, tukafika Ukunda Swabra akaanza kupekua mkoba. Akapekua, akapekua. Kadi ya manjano kaiwacha juu ya friji. Ile kadi ya sindano ya homa ya manjano ambayo nilimkumbusha kwa wasap, kwa simu, na kwa mdomo nikiwa nimemshika bega. Tukashuka Ukunda kumngoja mpwa wake ailete na bodaboda, jua likatoka, mahamri yakaisha, matatu nne zikatupita zikipiga honi. Swabra akawa anacheka ile kicheko chake cha kuomba msamaha bila kuomba msamaha.

Mpakani nako foleni, mabasi ya Dar yalikuwa yashatangulia. Lakini nikwambieni kitu nilichokipenda, ndani ya matatu ya Lunga Lunga nyuma yetu walikaa kina mama wakiongea Kidigo, na tulipopanda gari la upande wa pili pale Horohoro nyuma yetu wakakaa kina mama wengine, Kidigo kile kile, umbea ule ule wa mtu na mkwewe. Huo mpaka walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, Mdigo hakuulizwa. Nikajiona mwerevu, nikamwambia Rukia, "Waona, hapa hakuna ugenini." Akanijibu bila hata kunigeukia, "Basi mbona tumegongwa muhuri?"

Huyo ndo Rukia. Muwekeni akilini, atarudi.

Horohoro mpaka Tanga ni kilomita 65 hivi, lami nzuri tu, ila mvua ikaanza. Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge nikawaonyesha, Mwanaidi akaamka akachungulia akasema "tumetoka Malindi kuja kuangalia mkonge na Vipingo upo?" akalala tena. Amboni kwenye mapango ndo tulipanga tuanzie, yako njiani kabla hujaingia mjini, dereva akatuuliza tena mtashuka, tukatizama nje, matope, na saa sita ishafika. Tukapita. Sasa hata mtu akiniuliza Tanga umeona nini ntamwambia nimepita kibao cha mapango.

Mjini pia sijui nilitarajia nini. Ngamiani mitaa yaenda kwa namba, barabara ya ngapi, barabara ya ngapi, ukipotea huna hata jina la kulilalamikia, na baiskeli mashaallah, mzee na baiskeli, mama na baiskeli, mtu kafunga mwavuli kwenye baiskeli. Wenzangu walitaka kanga. Wakaingia duka la kwanza Swabra akatoa simu akaanza kugawanya kwa ishirini, maana shilingi yetu moja ni kama ishirini zao, kila bei inakuwa kama ya kununua ng'ombe mpaka uigawanye, halafu ukishaigawanya waona ni bei ile ile ya Biashara Street kule Mombasa. Na kanga zenyewe Biashara Street ziko. Mwanaidi alinunua doti moja kwa aibu ya kuwa tumewafungulisha watu mzigo mzima.

Tukaenda bustani ya Jamhuri tuangalie bahari. Ghuba nzuri, siwezi kusema uongo, kisiwa cha Toten kule mbele na meli zimetulia, lakini mvua yatupiga na dera langu limenigandia miguuni na Rukia anataka picha na mimi ndo mpiga picha. Nikawa nawasimulia ile hadithi ya Novemba 1914, jeshi la Waingereza na askari wao wa Kihindi walipitia Mombasa wakaja kushuka Tanga kuwapiga Wajerumani, wakapigwa wao, nyuki wakawamalizia, wakarudi zao Mombasa. Swabra akasema "angalau wao walikaa siku tatu." Tulicheka hapo, nadhani ndo mara pekee tulicheka sote pamoja siku ile.

Sasa wali. Njaa ilikuwa imetushika, tukaona banda la bibi mmoja, mabenchi mawili, turubali juu, sufuria zafuka moshi, ubwabwa wa nazi na samaki wa kupaka. Nikaingia wa kwanza nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibuni, karibuni wanangu, kaeni msinyeshewe. Mwatokea wapi?"

"Malindi, bibi."

Uso wake ukafunguka. Wallahi nilimuona. "Malindi ya Unguja? Mie nna mdogo wangu kaolewa pale, Malindi pale!"

"La bibi, Malindi ya Kenya."

"Aaa." Akafuta mikono kwenye kanga. "Kenya." Kisha akamgeukia bintiye, sauti ya kawaida tu, hata haikuwa mbaya, "Wapimie hao Wakenya."

Basi. Ndo hiyo tu. Hakututukana, hakutuuzia ghali, nilimuangalia mtu wa benchi ya pili alilipa bei ile ile, tena mie aliniongeza kichwa cha samaki bila kunidai. Na wali ulikuwa mtamu kuliko wa kwangu, hilo nalisema hapa kwa sababu mama hasomi haya. Lakini mie wali haukunishuka. Rukia akaniona nimenuna, akaniuliza nini, nikamwambia umeskia alivotuita? Akatoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani pole pole, akasema, "Kwani ulitaka akuite nani?"

Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu na huenda yeye ashasahau kama aliuliza.

Majibu ninayo mengi sasa. Kwa yule bibi ningemwambia, Malindi yetu ndo ile iliyompelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, ndo ile Vasco da Gama aliyoikuta 1498, hiyo ya Unguja ni mtaa. Nimejaribu kuisema kwa sauti jikoni. Hebu fikirini mtu ana mwiko mkononi, watu wanne wamejaa mvua wako mlangoni, mmoja wao aanze habari za twiga. Ningemwambia basi, bibi yangu alikuja huku arusini zamani. Arusi ya nani? Sijui. Mtaa gani? Sijui, bibi hakutaja mtaa, alitaja ngoma na chakula. Ningemwambia siye pia ni watu wa pwani. Angesema naam mwanangu, kunywa maji.

Na kwenye gari la kurudi, saa kumi tuko njiani tayari, tumekuja leo na tumeondoka leo, hakuna aliyenogewa, nilikaa dirishani nikairudia ile "aaa" yake. Ilikuwa fupi au ndefu? Ilikuwa ya kuvunjika moyo au ya mtu aliyeelewa tu? Lunga Lunga tulipata matatu ya mwisho, tumebanana watano mahali pa watatu, Swabra kanilalia begani na mie nipo kwenye "aaa".

Jana usiku ndo ikanijia, nikiwa kitandani. Mwakumbuka habari yangu ya kitambulisho. Nilipofika umri, wenzangu wa darasani wenye majina ya bara walijaza fomu wakaenda zao nyumbani, mie kwenye ile ofisi nikaambiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha babu, babu ambaye hata yeye hakuwa na hakika na mwaka wake, nikatafutiwa wazee wakae mezani waulizwe huyu mwamjua, babake mwamjua, kweli ni wa hapa? Nikaulizwa bibi yangu alikuwa akifanya nini Tanga! Arusi ile ile! Na nilipokwenda Nairobi kwa ile kozi, dada wa mapokezi kuniskia tu nimemwamkia na kuomba ufunguo akaniuliza "wewe ni wa Tanzania?" na nikamwambia la, Malindi, akasema "ni same tu."

Yani nchini kwangu nimetafutiwa mashahidi wathibitishe mie ni Mkenya, na bibi wa Tanga kanipa Ukenya palepale, bila fomu, bila cheti cha babu, bila picha mbili za pasipoti, na juu yake kichwa cha samaki, na mie ndo nikanuna. Nikacheka peke yangu gizani mpaka mama akagonga ukuta akidhani naongea na simu.

Ikawa nyepesi kidogo baada ya hapo. Asubuhi nimefungua wasap Rukia kaweka picha zote kwenye grupu, mie simo hata moja kwa kuwa mie ndo mpiga picha, na Mwanaidi ambaye alilala safari nzima anasema imekuwa safari nzuri sana na sasa twende Unguja tukaione hiyo Malindi nyengine. Watu wameweka vidole gumba. Swabra bado ana deni langu la nauli ya bodaboda ya mpwa wake, nililipa mie, sijui kwa nini nililipa mie.

Lakini swali la Rukia bado lipo, na nikisema ukweli jibu lake nalijua tangu pale pale kwenye benchi, ni vile tu haliwezi kusemwa mbele ya mtu anayetoa miba. Alishaniita mwanangu. Kabla hajauliza natoka wapi alishaniita mwanangu, karibuni wanangu, na nilitaka aendelee tu hapo hapo. Sasa hilo utamwambiaje Rukia, atakuuliza kwani huna mama.

Na mama mwenyewe ndo shughuli nyengine. Kusi limeanza kwa nguvu tangu tulipoondoka, na ule mwembe wa jirani, lile tawi nene, liko juu ya jiko letu la makuti na juzi usiku lilikuwa likilia. Jirani hataki likatwe kwa sababu eti ndo lizaalo zaidi. Fundi aliyekuja kuliangalia anataka elfu tatu na kamba hana, nimtafutie mimi, na mwezi huu mshahara ndo hivo tena. Mama kwa uoga kahamishia jiko la makaa ukumbini, ndani, milango imefungwa kwa sababu ya mvua, na pumzi zake mwazijua. Nimemuomba atumie gesi, asema gesi ni ya chai. Kesho sijui nianze na jirani, na fundi, au na kamba.